Afisa usalama wa mionzi chuoni: mwongozo kamili kwa aliyekabidhiwa kazi hii

Barua ya uteuzi huwa fupi. Inasema umeteuliwa kuwa afisa usalama wa mionzi wa chuo "pamoja na majukumu yako ya sasa", na kwamba menejimenti ina imani nawe. Mara nyingi anayeipokea ni mhadhiri wa fizikia au mtaalamu wa maabara mwenye vipindi vyake, wanafunzi wa kusimamia na mitihani ya kusahihisha. Posho haitajwi. Nimeandika nikifikiria vyuo vya Tanzania, lakini msomaji wa Kenya au Uganda atabadilisha jina la mdhibiti, na mengine mengi yatamfaa jinsi yalivyo.

Kabla ya hatua yoyote, soma kisa hiki. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Delhi, India, ilikuwa na mashine ya kumulikia sampuli aina ya Gammacell 220, yenye kobalti-60, metali inayotoa mionzi mikali, ndani yake. Ikaacha kutumika 1985, ikakaa tu. Mwanzoni mwa 2010 chuo kikaiuza kwa mnada, ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu wa eneo la Mayapuri, nao wakaivunja. Mtu mmoja akafariki na wengine kadhaa wakalazwa kwa majeraha ya mionzi. Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5.27, kwa hiyo siku ya mnada kilichosalia kilikuwa kama sehemu moja kati ya 27 ya ile ya 1985. Kilitosha kuua.

Hapo hapakuwa na mtafiti aliyefanya jaribio la hatari. Palikuwa na kifaa kilichosahauliwa na karatasi ya mnada. Kwa hiyo ninavyoielewa mimi, kazi hii ni ya kumbukumbu zaidi kuliko ya fizikia, na mpangilio wa hatua zinazofuata umetokana na imani hiyo. Vitabu vingi huanza na namna ya kujikinga. Mimi naanza na kujua ulicho nacho.

Hatua ya 1: Irudishe barua ikaongezwe mambo manne

Usisaini kukubali mpaka barua iseme kwamba una mamlaka ya kusimamisha kazi yoyote ya mionzi papo hapo bila kuomba ruhusa ya mkuu wa idara. Kwamba unaripoti moja kwa moja kwa Makamu Mkuu wa Chuo au naibu wake. Kwamba una kifungu chako cha bajeti hata kiwe kidogo. Na kwamba yupo msaidizi anayeshika nafasi ukiwa safarini. La kwanza ndilo gumu. Siku moja utamzuia profesa aliyekufundisha, mwenye ruzuku ya utafiti ambayo chuo kizima kinajivunia, na ukiwa huna maandishi utakuwa unamwomba tu.

Wakumbushe pia wakubwa kwamba leseni ni ya chuo. Tanzania mdhibiti ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003. Uganda ni Baraza la Nishati ya Atomiki chini ya sheria ya 2008, na Kenya ni mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile Bodi ya Kinga ya Mionzi. Kote huko, anayebeba dhamana ya kwanza ni mwenye leseni. Kukuteua wewe hakumwondolei chuo mzigo huo, na menejimenti nyingi hushtuka kulisikia hilo. Acha washtuke mapema.

Omba iundwe kamati ya usalama wa mionzi. Watakupa wanasayansi watupu. Wewe dai watu watatu wengine: mkuu wa kitengo cha ununuzi, afisa mali na mkuu wa ulinzi. Kifaa huingia chuoni kwa saini ya wa kwanza, hutoka kwa saini ya wa pili, na huibwa usiku wa zamu ya watu wa tatu.

Hatua ya 2: Zunguka chuo kizima

Orodha utakayokabidhiwa ichukulie kuwa pungufu. Tenga wiki kadhaa, beba kipima mionzi kilichosawazishwa (kilichohakikiwa usahihi wake) ndani ya mwaka uliopita, na kila asubuhi kabla ya kutoka jaribu betri na ukielekeze kwenye chanzo kidogo, yaani kitu kinachotoa mionzi, unachojua usomaji wake. Kipima kilichokufa husoma sifuri kila mahali, na sifuri hupendeza.

Usianzie kwa wakuu wa idara. Anzia kwa watunza stoo na mafundi sanifu wa maabara, hasa waliokaa muda mrefu. Waamkie vizuri, keti, waulize kuna nini kwenye kabati ambalo halifunguliwi. Kisha watafute wastaafu. Mzee aliyesimamia maabara enzi hizo anaweza kukuambia kwa dakika kumi kitu ambacho majalada hayana.

Fizikia utakuta vyanzo vidogo vya kufundishia: sesiamu-137, strontiamu-90, amerisiamu-241, pengine na radiamu ya zamani ambayo kifuko chake hakiaminiki tena. Kemia wana chupa za naitreti ya thori na chumvi za urani, zilizonunuliwa kama kemikali za kawaida na kupangwa kwa alfabeti pamoja na nyingine. Biolojia wenye hadubini ya elektroni hutumia asetati ya urani kutia rangi sampuli, na wengi wao hawajioni kama watumiaji wa mionzi. Wanaopima mabaki ya viuatilifu kwenye mazao wana mashine ya kromatografia ya gesi ambayo ndani ya kigunduzi chake mna nikeli-63. Kilimo wanaweza kuwa na kipima unyevu wa udongo chenye chanzo cha neutroni. Uhandisi wa ujenzi wana kifaa cha kupimia mshindilio wa barabara, na hicho nitakirudia chini. Jiolojia wana bunduki ya eksirei ya kutambulisha madini, pamoja na kabati la miamba ya mafunzo. Katika nchi yenye urani Mkuju na Bahi, usishangae kipima kikianza kulia mbele ya kabati hilo. Tiba na tiba ya mifugo wana eksirei zao, lakini wao angalau huwa wanajijua.

Ukikuta chombo kizito cha risasi, ile metali, kisicho na lebo, usikifungue. Pima kwa nje ukianzia mbali, funga chumba, andika, piga simu kwa mdhibiti. Na fahamu mipaka ya kipima chako: tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, hutoa chembe za beta dhaifu kiasi kwamba kipima cha kawaida cha Geiger hakiioni kabisa. Chupa ikikaa kimya, usihitimishe kuwa ni salama, soma lebo.

Hatua ya 3: Daftari

Kila chanzo kiwe na mstari wake: namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye kifaa, aina ya nuklidi (yaani kama ni kobalti-60, sesiamu-137 au nyingine), nguvu yake kwa bekereli (idadi ya atomi zinazovunjika kila sekunde) na tarehe ya kipimo hicho, jengo na chumba, jina la mhusika, nani ana ufunguo, leseni inayokihusu, na picha. Tarehe ya nguvu watu huiruka, na bila tarehe ile namba haina maana. Mashine za eksirei ziandike pia, ingawa zikizimwa hazitoi kitu.

Nakala moja ikae nje ya ofisi yako, kwa ulinzi au kwa naibu makamu. Kila baada ya miezi sita uhesabu kwa macho yako. Usipige simu kuuliza "bado kipo?" kwa sababu jibu daima ni ndiyo. Siku hiyohiyo vipime vyanzo vilivyofungwa, yaani vilivyozibwa ndani ya kifuko, kama havivuji: futa uso wa kifuko, au sehemu ya karibu inayofikika, kwa karatasi ya chujio iliyoloweshwa, kisha pima karatasi. Kikipatikana zaidi ya bekereli 200, kifungie na usikitumie tena.

Hatua ya 4: Milango mitatu ya makaratasi

Hii ndiyo hatua itakayookoa watu wengi kuliko vifaa vyote utakavyonunua, na gharama yake ni kikao kimoja.

Mlango wa kwanza ni ununuzi. Oda yoyote ya kifaa au kemikali yenye mionzi isipite bila saini yako. Hapo ndipo unapouliza swali ambalo mtafiti mwenye furaha ya ruzuku hataki kulisikia: kikichoka kitakwenda wapi? Kwa chanzo chenye nguvu, muuzaji akubali kwa maandishi kukirudisha kwake, na fedha ya kukirudisha itengwe tangu mwanzo. Misaada ipite mlango huohuo. Kifaa kilichotumika ambacho chuo rafiki cha ng'ambo kinataka kutupa kinaweza kuwa ukarimu, na kinaweza kuwa wanakuhamishia taka zao.

Wa pili ni mnada. Kifaa chochote cha maabara kisiingie kwenye orodha ya kuuzwa bila hati yako inayosema kimepimwa na hakina chanzo. Kisa cha Delhi kingeishia hapa.

Wa tatu ni fomu ya kuondoka. Mfanyakazi anayestaafu au kuhama, na mwanafunzi wa uzamili anayemaliza, huzungusha fomu maktaba, uhasibu na bwenini. Ongeza mstari mmoja: mionzi. Asiyekabidhi vyanzo kwa jina la mtu mwingine, cheti kinasubiri. Utachukiwa kidogo. Ila hakuna tena kabati la marehemu fulani ambalo hakuna anayejua lina nini.

Hatua ya 5: Watu na dozi zao

Viwango vya kimataifa unapaswa kuvijua bila kufungua kitabu. Vinapimwa kwa milisiveti, kipimo cha dozi anayopata mtu. Mfanyakazi wa mionzi: wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka ukihesabu miaka mitano mfululizo, na isizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Lenzi ya jicho ni vivyo hivyo. Ngozi na mikono ni 500. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 anayetumia mionzi katika masomo ni 6. Mwananchi wa kawaida, na hapo yumo karani wa chumba cha jirani, ni 1. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili peke yake humpa binadamu wastani wa kama milisiveti 2 hadi 3 kwa mwaka duniani.

Ukisimamia vizuri, karibu wote wa chuoni watakaa chini sana ya hapo. Kwa hiyo usingoje kikomo. Jiwekee kiwango chako cha kuuliza maswali, kwa mfano milisiveti moja katika robo mwaka, na atakayekifikia ukae naye.

Beji za kupimia dozi huvaliwa kifuani, hurudishwa kusomwa kwa wakati, na kila kundi lina beji moja ya kulinganisha inayokaa mbali na vyanzo. Shida za beji ni za kibinadamu: imeachwa kwenye koti lililotundikwa kando ya mashine, imefuliwa, imeazimwa rafiki. Ukiona dozi kubwa ya ghafla, uliza habari za koti kabla hujaita daktari, lakini uliza siku hiyohiyo.

Tena beji haioni kila kitu. Anayefanya kazi na fosforasi-32 anahitaji pete ya kidoleni, maana vidole ndivyo vinavyokaribia chupa. Kwa tritiamu na kaboni-14 beji haina kazi yoyote. Huko unategemea kufuta meza na kupima karatasi, na ikibidi kupima mkojo.

Mfanyakazi mjamzito ana haki ya kubadilishiwa kazi ili mtoto aliye tumboni apate ulinzi sawa na wa mwananchi wa kawaida, yaani takriban milisiveti 1 kwa muda uliobaki wa mimba. Waeleze wanawake wote hili siku ya mafunzo ya kwanza, kabla hakujawa na mimba, ili atakayehitaji kukuambia asione aibu wala hofu ya kupoteza nafasi yake.

Waliosahauliwa zaidi ni wahudumu wa usafi na askari. Wanaingia alfajiri na usiku, wana funguo, na ile alama ya mionzi, ua lenye mabawa matatu kwenye kibao cha njano, haiwaambii chochote. Wengine huidhania feni. Ulimwengu ulishakiri tatizo hilo: Februari 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Viwango la ISO walitoa alama mpya nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwemo. Hiyo hubandikwa kwenye kifaa chenye chanzo kikali, sehemu ambayo mtu ataiona akianza kukifungua. Mlangoni andika Kiswahili kikubwa: HATARI, MIONZI. USIINGIE. USISAFISHE HAPA. Chini yake namba ya simu. Halafu kaa nao nusu saa, uwaonyeshe ni vitu gani wasiviguse na ni vipi wanaweza kupiga deki bila wasiwasi. La pili ni muhimu sawa na la kwanza, kwa sababu mtu mwenye hofu ya kila kitu baada ya mwezi haogopi chochote.

Hatua ya 6: Ndani ya maabara

Muda mfupi, umbali mkubwa, kinga katikati: hayo utayafundisha kila mwaka na kila mwanafunzi atayajibu kwenye mtihani. Umbali ndio wa bei rahisi kuliko yote, kwani ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo, dozi inashuka hadi robo. Kwa hiyo nunua koleo ndefu kwanza.

Kwenye kinga kuna kosa la kudumu. Kwa beta kali ya fosforasi-32, risasi si chaguo la kwanza, maana beta zikigonga metali nzito huzalisha eksirei. Tumia akriliki ya uwazi ya unene wa sentimita moja. Inazizuia zote, na mtu anaona anachofanya.

Mashine ya eksirei ya kuchunguza fuwele inastahili woga wako kuliko chupa zote. Mwale wake ni mwembamba na unaweza kuunguza kidole vibaya ndani ya sekunde chache bila maumivu ya kumwonya mtu. Ajali huja mwanafunzi anapofunga swichi ya usalama ya mlango kwa utepe wa gundi ili apange sampuli mashine ikiwa inawaka. Jaribu swichi hizo wewe mwenyewe kila mwezi. Ukikuta utepe, zima, chukua ufunguo, nenda nao nyumbani. Bunduki ya jiolojia nayo isielekezwe kwa mtu, wala sampuli isishikwe mkononi wakati wa kupima.

Chakula kisiwekwe kwenye friji ya maabara. Nimelitaja sasa, sitalirudia.

Hatua ya 7: Kifaa kinachosafiri

Kifaa cha kupima mshindilio huwa na sesiamu-137, kwa kawaida karibu gigabekereli (bekereli bilioni) 0.3, na amerisiamu pamoja na berili, karibu gigabekereli 1.5. Hakitishi kama ile mashine ya Delhi. Tatizo lake ni kwamba kinabebwa nyuma ya pikapu hadi eneo la mradi, kipo kwenye sanduku zuri la njano, na mwizi hudhani ni kifaa cha thamani. Kifungwe kwa mnyororo na kufuli mbili, kisiachwe kwenye gari nje ya nyumba ya wageni, na dereva awe na karatasi inayoeleza ni nini na ampigie nani. Kila kinapotoka, mtu asaini. Kila kinaporudi, hakikisha kwa kipima kwamba fimbo ya chanzo imerudi ndani.

Hatua ya 8: Taka

Gawanya taka kwa nuklidi, usichanganye kamwe. Za muda mfupi huwekwa zipungue zenyewe. Kanuni ya kawaida ni kusubiri vipindi kumi vya kupungua nusu, na hapo hubaki chini ya sehemu moja ya elfu. Fosforasi-32 hupungua nusu kwa siku 14.3, hivyo siku 143, takriban miezi mitano. Ndoo moja ya fosforasi ukitia kipande kimoja cha kaboni-14, ambayo nusu yake ni miaka 5,730, umejifungia ndoo hiyo maisha. Muda ukitimia pima, ufikie viwango vya mdhibiti, ng'oa lebo zote za mionzi, andika daftarini, ndipo utupe. Lebo iliyosahaulika kwenye mfuko ikifika dampo italeta waandishi wa habari getini.

Za muda mrefu na vyanzo vilivyostaafu, kwa Tanzania, vina hifadhi yake kuu TAEC Arusha. Andika mapema, maana kibali na usafiri huchukua muda. Usimruhusu fundi yeyote kufungua kifaa ili "kupunguza uzito". Hata wenye uzoefu huteleza: Mei 2019 mjini Seattle, wakandarasi walipokuwa wanaondoa mashine ya sesiamu kwenye jengo la utafiti la Harborview, chanzo kilipasuka, watu 13 wakachafuliwa na jengo likafungwa muda mrefu.

Hatua ya 9: Siku mambo yanapoharibika

Kimiminika kikimwagika, mwenye tukio apaze sauti, aweke karatasi ya kunyonya juu yake, asimame hapohapo mpaka viatu vipimwe. Kinachosambaza uchafu jengo zima ni soli za mtu aliyekimbia kutafuta msaada. Ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, isisuguliwe hadi kuchubuka. Kusafisha huanzia ukingoni kwenda katikati, kisha unapima tena.

Mtu akiwa ameumia vibaya, jeraha linatangulia mionzi. Mpeleke hospitali, ukiwaarifu wauguzi kwamba nguo zake zinaweza kuwa na uchafu. Moto ukizuka, zimamoto wakutane na mtu getini mwenye daftari mkononi.

Chanzo kikipotea, usikitafute kimyakimya siku tatu ukitunza jina la idara. Mdhibiti na polisi wajulishwe siku hiyohiyo. Mjini Goiânia, Brazil, mwaka 1987, chanzo cha sesiamu kilichookotwa kwenye kliniki iliyohamwa kilizunguka mitaani zaidi ya wiki mbili kabla haijajulikana ni kitu gani. Watu wanne wakafa, na zaidi ya 112,000 wakapimwa. Kila siku ya ukimya iliongeza majina.

Mara moja kwa mwaka fanya zoezi pamoja na askari wa zamu ya usiku, kwa sababu simu ya saa nane usiku watapiga wao.

Hatua ya 10: Ukaguzi, na kukabidhi

Mkaguzi akija mpe daftari, rekodi za dozi, matokeo ya kufuta, vyeti vya usawazishaji na orodha ya mafunzo, halafu nyamaza ajionee. Kasoro unazozijua mwambie mwenyewe, pamoja na tarehe ya kuzirekebisha. Ripoti yake ikishafika, ipeleke kwa menejimenti pamoja na maombi yako ya bajeti. Ni wakati pekee katika mwaka ambapo maombi hayo husomwa hadi mwisho.

Nawe utaondoka siku moja, kwa kuhama, masomo au kustaafu. Usikabidhi ofisini. Mchukue anayekuja, mzunguke naye chuo kizima na daftari, mfungue kila kabati, asome namba kwa sauti wewe ukiweka alama. Mpeleke pia kwa mtunza stoo na kwa yule mzee mstaafu, amfahamu kwa sura. Msaini wote wawili kila ukurasa, na nakala iende kwa Makamu Mkuu wa Chuo na kwa mdhibiti kabla hujarudisha funguo.